Kilo Hamsini na Moja

Twalibu alipoketi kwenye kiti cha mizani, tandiko la farasi likiwa mapajani, mshale ulipanda ukaipita hamsini na nne kama hauijui. Ukaipita sabini. Ukaipita tisini. Ukaenda kusimama kwenye mia moja na tano, ukatulia tuli.

Astère, mpimaji, alisubiri. Mizani ile yenye uso mpana kama sinia alikuwa akiijua kuliko alivyowajua wakwe zake. Ilikuwa na kawaida ya kutikisika kidogo kabla ya kutulia, hasa majira ya mvua. Lakini mtikisiko wa mizani ni nusu kilo bwana, si mtu mzima.

"Taja basi, muzee," Twalibu alisema. "Watu wanangoja."

Walikuwa wakingoja kweli. Huko nje walikwisha kuanza kupiga kelele, "Bendera! Bendera!" Maana katika klabu ile ndogo ya farasi, kwenye tambarare ya ziwa, mbio haziishi farasi anapovuka mstari. Zinaishia mizanini. Mpanda farasi hupimwa pamoja na tandiko lake kabla ya kutoka, hupimwa tena akirudi, na akipungua au kuzidi zaidi ya kilo moja, farasi wake anafutwa. Wala hakuna kuandika. Mpimaji hutaja kilo kwa sauti, mlango ukiwa wazi, na mtu aliyeuona mshale huitikia, "Sawa." Hapo ndipo bendera nyekundu hupandishwa mlingotini, na ikishafika juu, mbingu zianguke nchi ipasuke, matokeo hayabadiliki.

Na kabla ya mbio, mchana uleule, Twalibu huyuhuyu na tandiko hilihili walikuwa kilo hamsini na nne.

"Shuka," Astère alisema.

Twalibu akashuka, mshale ukarudi sifuri. Astère akakaa mwenyewe: sitini na nane, uzito wake wa siku zote. Akaweka gunia la kupimia, lile la kilo ishirini, likasoma ishirini. Akawaita waliotoka wa pili na wa tatu, wakakaa, kila mmoja akapata kilo zake alizoondoka nazo.

"Kaa tena."

Mia moja na tano.

Kuna hesabu ambazo mtu hataki kuzifanya, lakini kichwa hakiombi ruhusa. Toa hamsini na nne. Astère akahisi baridi ikimpanda kutoka nyayoni, mchana kweupe, kwenye joto la Bujumbura. Alimtazama Twalibu vizuri. Kijana alikuwa ameinama mbele, shingo imezama mabegani, kama wapagazi wa saruji kule bandarini. Jasho lilimtiririka. Tena alikuwa akipeleka macho pembeni, kidogo tu, kama mtu anayetaka kuona kilicho nyuma yake bila kugeuza kichwa.

"Mugongo inakuuma?" Astère aliuliza.

"Kidogo." Twalibu alimeza mate. "Imeanza pale kwenye kona. Kona ya matete."

Kona ya matete ndiyo ile ambayo ziwa, lilipojaa miaka hii ya karibuni, lililamba ukingo wa uwanja, matete yakaota na kuwaficha wanaopita pale wasionekane kutoka jukwaani. Ndipo alipoangukia na kufa Audace, mwana wa Astère, mwaka jana, wakati wa mvua za masika. Waamuzi walisema ni matope. Bendera ikapanda. Mtu mmoja tu alikuwa bega kwa bega naye walipoingia kwenye ile kona, na mtu huyo ni huyu aliyekaa hapa.

Na Audace, na nguo zake za mbio, bila tandiko, alikuwa kilo hamsini na moja. Baba yake ndiye aliyempima, kila Jumapili.

Mlangoni akaingia Monsieur Maxime, rais wa klabu na mwamuzi mkuu, bwana mmoja wa Kiriri, mtaa wa matajiri, mwenye kofia ya majani na harufu nzuri. "Astère, kuna nini? Watu watavunja ukuta."

"Angalia mwenyewe, Président."

Maxime akaangalia mshale. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Mais enfin! Mizani imekufa."

"Haijakufa. Imepima wote. Inakataa huyu tu."

"Mizani haikatai mutu, Astère."

"Mi nasema kile nachoona."

Nyuma ya Maxime alikuwa amesimama Azzan, mwenye farasi, kanzu yake nyeupe pee haijaguswa na tone la tope. Farasi wake Zaafarani alikuwa ameshinda kombe, na mnunuzi kutoka Nairobi alikuwa palepale jukwaani, amekuja kumnunua farasi mwenye kombe, si farasi mwenye maneno. Azzan ndiye pia mwenye lile ghala la Quartier Asiatique ambako Astère, siku za kazi, hupima mchele na maharage. Hakupandisha sauti. Alimtazama tu mpimaji wake kama mtu anayetazama gunia lililotoboka.

"Tulete mizani nyingine kesho asubuhi," alisema Azzan. "Ile ya ghalani kwangu. Nayo tuone itasema nini."

Maxime akakubali haraka, kama mtu aliyetupiwa kamba. Bendera haikupanda. Watu walitukana mpaka wakachoka, wakaondoka.

*

Mafuta yalikuwa yameadimika mjini tangu wiki iliyotangulia, na mabasi ya kwenda Musaga, mtaani kwake Astère, yalikuwa yamepangwa kwenye foleni ya pampu, hayaendi wala hayarudi. Astère alirudi kwa miguu, pamoja na umati wa watu waliokuwa wakipanda barabara ya kusini na madumu yao matupu.

Alipopita daraja akasikia kwato. Ko, ko, ko, juu ya lami, polepole, farasi anayetembezwa ili apoe baada ya mbio. Akasimama. Zikasimama. Akageuka: wanawake wawili na mzee mwenye baiskeli tu. Akaendelea, nazo zikaendelea. Hakugeuka tena. Na ajabu ni hii, hakuogopa kama alivyodhani ataogopa. Alipunguza mwendo.

Dative, mkewe, alikuwa akichambua mchicha mlangoni. Tangu wamzike Audace hakukanyaga uwanja wa farasi, wala jina la farasi halikutajwa nyumbani mle. Lakini mke ni mke. Alimwona mumewe anavyovua viatu, akaacha mchicha.

"Nini, Baba Audace?"

Akamweleza. Alieleza kama anavyotaja kilo, moja moja, bila kupamba. Alipofika kwenye mia moja na tano Dative alifumba macho, na midomo yake ikaenda yenyewe. Naye alijua kutoa.

"Yoo, Mana yanje," alisema. Mungu wangu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Twalibu alikuwa ameinama?"

"Ameinama."

"Kama mutu amebeba mutoto mugongoni?"

"Kama amebeba mutu."

Dative akaanza kulia, lakini si kilio cha kupiga kelele. "Na hajala," alisema. "Unajua hakula siku ile. Kila Jumapili alikuwa hakuli kitu mpaka umupime akisharudi. Alikuwa anatoka pale kwenye mizani anakimbia, 'Mama, sasa nakula!' Nilikuwa nimemubebea maharage. Nilirudi nayo nyumbani ikiwa imefungwa vilevile."

Astère alikuwa akikumbuka jambo jingine, na Dative alijua analikumbuka, maana alikuwa amemnunia mumewe kwa jambo hilohilo. Audace aliwahi kushinda mara moja tu. Aliporudi mizanini alikuwa amepungua. Kipande cha risasi, madini yale mazito wanayofungiwa ili kutimiza kilo, kilikuwa kimemdondoka njiani. Baba yake mwenyewe alitaja upungufu ule kwa sauti, mlango wazi, na ushindi wa mwanawe ukafutwa. Mizani haina shemeji, Astère hupenda kusema. Siku ile aligundua kwamba haina mtoto pia.

Gari likasimama nje. Watu wote hawana mafuta, lakini magari mengine yana mafuta yake, usiulize.

Azzan aliingia kwa hodi na salamu ndefu, akapewa kiti cha pekee chenye mto. Dereva akashusha mchele na sukari. Mfuko wa mchele ulikuwa na alama ya ghala lilelile; Astère alikuwa ameupima mwenyewe Ijumaa. Aliutazama ukiwekwa chini, akaona aibu.

"Mama Audace, pole," alisema Azzan. "Wallahi sikuja kwa biashara. Nimekuja kwa sababu ya mutoto wenu. Nimepita makaburini, nimeona. Udongo tu na musalaba wa mbao. Apana, haifai. Nitamujengea kwa saruji, niweke na karo, vile vigae nyeupe, na jina lake vizuri."

"Merci, patron," Astère alisema, kwa kuwa ndivyo ulimi wake ulivyozoea.

"Kesho mizani ni ile ya ghalani, unaijua kama mukono wako. We utataja hamsini na nne, bendera itapanda, tumalize. Watu wanasema maneno, Astère. Wanasema mufiwa aliwekwa kwenye mizani, na sasa anapima kwa machozi. Wengine wanasema umeroga. Mi nawakatalia. Lakini nitawakatalia mpaka lini? Na mutu ambaye haaminiki Jumapili, nitamuamini namna gani Jumatatu, ghalani?"

Umeona maneno ya mwenye mali? Hakutisha, hakutukana, na kazi ya mtu imekwisha kuwekwa ukingoni.

"Na kama mizani itasema mia na tano?" Astère aliuliza.

"Haitasema."

"Lakini ikisema?"

Azzan akatabasamu kidogo na kusimama. Hapo Dative akanyanyua mfuko wa mchele kwa mikono miwili, akamrudishia dereva. Kisha sukari.

"Patron, asante," alisema. "Mutoto wangu kaburi anayo."

Gari lilipoondoka alimgeukia mumewe, na sasa macho yake yalikuwa makavu. "Sikia, Baba Audace. Kesho ikisema mia na tano, useme mia na tano. Kazi ikiisha, iishe, tutakula mchicha. Lakini kama itasema hamsini na nne..."

"Najua."

"Apana, hujui. Unataka sana aonekane. Hata mi nataka, nataka kufa. Ila ikisema hamsini na nne, useme hamsini na nne. Audace hakuwa mwizi wa kilo. Tusimwibie mutu kwa jina lake."

*

Asubuhi Dative aliamka akapika maharage na bugali ya muhogo, akafunga kwenye kitambaa. Astère hakuuliza ni ya nani. Dative alivaa kitenge chake cha kanisani, wakashuka wote wawili kwa miguu.

Ukungu ulikuwa haujaondoka ziwani, uwanja unaonekana nusu. Farasi mazizini walikuwa kimya, na farasi asubuhi huwa hawako kimya, wanadai chakula kama watoto wa shule. Walisimama wote, vichwa nje, masikio yameelekezwa kwenye chumba cha mizani.

Watu walikuwa wengi kuliko Astère alivyotarajia. Wengine walimpisha bila kumsalimu. Mmoja akasema, ili asikike, "Huyu ndiye anapima wafu," na kicheko kidogo kikapita. Astère aliendelea kutembea. Masikio yalimwaka moto.

Mizani ya ghalani ilikuwa imekwisha kupachikwa kiti juu yake. Astère aliikagua taratibu: akakaa mwenyewe, akaweka gunia la ishirini, akaangalia sifuri. Haikuwa na kasoro. Maxime alisimama kulia, Azzan kushoto, na Dative akasimama kizingitini na kifurushi chake. Hakuna aliyethubutu kumwambia asogee.

Twalibu aliletwa. Usiku mmoja ulikuwa umemzeesha. Macho yalikuwa mekundu, mgongo umepinda zaidi ya jana, na alipopita mbele ya Dative aliinamisha uso. Alikaa. Akaweka tandiko mapajani.

Mshale ukapanda. Panda, Astère alisema moyoni, panda mwanangu, usiogope, baba yako yuko hapa. Mshale ukafika hamsini. Ukafika hamsini na nne.

Ukasimama.

Alingoja. Alingoja kupita kiasi, kila mtu aliona. Uchungu uliompata hauna jina; ilikuwa kama kuzika mara ya pili, na safari hii bila waombolezaji. Angeweza kusema neno jingine. Uso wa mizani ulimwelekea yeye, na chumba kizima kilikuwa kimejiandaa kusikia mia na tano. Nusu yao wangeamini. Akamtazama Dative. Dative alitikisa kichwa polepole, machozi yakimwagika.

"Hamsini na nne," Astère alisema kwa sauti, mlango wazi.

"Sawa!" Azzan aliitikia, upesi.

Maxime alipumua kwa nguvu, akamwashiria mtu wa mlingoti. Kamba ikaanza kulia kwenye gurudumu lake, kwii, kwii, bendera ikianza safari.

"Shuka, Twalibu," Astère alisema. "Umepita. Ushindi ni wako."

Twalibu hakushuka. Alimwangalia mzee kama haamini alichosikia. "Muzee, sema tena."

"Hamsini na nne. Umepita."

"Lakini iko hapa!" Sauti ilimpasuka. "Hajashuka! Tangu jana iko hapa, ananishika kiunoni, nasikia pumuzi yake kwenye shingo! Muzee, unaweza kunifuta, mbona hunifuti? We ni baba yake!"

"Mizani imesema hamsini na nne."

"Nilikamata hatamu yake!"

Kamba ilinyamaza huko nje. Bendera ilikuwa katikati ya mlingoti.

"Kwenye kona," Twalibu alisema, na sasa yalimtoka kama maji. "Alikuwa ananipita. Nilimukamatia hatamu, nilitaka apunguze tu, wallahi, apunguze tu. Farasi yake ikageuza kichwa, na ukingo ulikuwa pale. Matope ilikuwa kidogo sana. Nilimwambia patron siku ileile. Akaniambia ninyamaze, matope haina mudomo."

"Mutoto ana homa," Azzan alisema. "Maxime, bendera iendelee. Kilo imetajwa na imeitikiwa."

Maxime hakumtazama Azzan wala Astère. "Ya mwaka jana bendera ilishapanda," alisema kwa unyonge. "Kwa sheria, ile haibadiliki. Na ya leo... kilo ni sawa..."

Hakuna aliyemsikiliza. Dative alikuwa ameingia chumbani. Alisogea mpaka kwenye kiti, mbele ya kijana aliyemuua mwanawe, na watu wakadhani atampiga. Hakumpiga. Alimwangalia juu ya bega, pale nyuma, palipokuwa patupu.

"Audace," alisema, kama anavyomwita mtoto aliyechelewa mezani. "Inatosha. Shuka kwake."

Twalibu akashtuka mwili mzima. Mgongo ukamnyooka taratibu, akavuta pumzi ndefu kama aliyetolewa majini. "Ameshuka," alinong'ona. Akainuka kitini na tandiko lake, akarudi nyuma mpaka ukutani, akachuchumaa hapo na kufunika uso.

Kiti kikabaki kitupu.

Mshale ulianza kuteremka kutoka hamsini na nne, na kila aliyekuwa chumbani aliufuata kwa macho ukielekea sifuri. Haukwenda sifuri. Uliteremka kidogo tu, ukatikisika, ukatulia.

Azzan aliangalia sakafuni. Mkono wa Maxime ulipanda wenyewe ukavua kofia. Nje, farasi mmoja alipiga kwato zizini, kisha wote wakanyamaza.

Astère alipangusa mikono kwenye suruali. Ni mpimaji, na mpimaji hutaja anachoona. Akasimama wima mahali pake pa kila Jumapili.

"Audace, mwana wa Astère," alitaja, na sauti haikutetemeka mpaka mwisho. "Kilo hamsini na moja."

Alisubiri mtu aliyeuona mshale. Wote walikuwa wameuona.

"Sawa," Dative alisema.

Mshale ukarudi sifuri, taratibu, kama mtu anayeinuka kitini bila haraka.

Maxime alitoka mlangoni, kofia ingali mkononi, akamwinulia uso mtu wa mlingoti. "Teremsha," alisema. Gurudumu likaanza kulia tena, kwii, kwii, na bendera nyekundu ikashuka. Azzan alipita katikati ya watu bila kumsemesha mtu, na kanzu yake ikapata tope.

Dative alikaa kwenye ngazi ya chumba cha mizani, akafungua kitambaa. Maharage yalikuwa bado yana joto. "Njoo, Baba Audace," alisema. "Amekwisha kupimwa. Sasa anaweza kula."

Astère akakaa kando yake. Wakanawa kwa maji ya chupa, wakala kimya, huku watu wakipita mbali kidogo na wengine wakiwasalimu kwa kuinamisha kichwa. Walipotosheka, Dative aliacha tonge moja na maharage kidogo upande mmoja wa kitambaa, akakunja upande wa pili juu yake ili nzi wasiguse.